Kiwavi Aliyeota

Shule imefungwa. Kengele imevishwa gunia,
na mwalimu Hastabir ametutangulia njiani,
sufuria mgongoni, kijembe kiunoni,
viatu vya mpira vya kijani kama vyetu.

Siku ya tatu tunafika ukingoni.
Hapa hatusemezani.
Njia ina upana wa kiatu kimoja na nusu:
kulia jiwe,
kushoto sauti ya mto tusiouona.
Nimejifunga na Jhuma kwa kitambaa, kiuno kwa kiuno,
fundo lile lile nifungialo mbuzi.
Ana miaka tisa. Anahesabu hatua kwa midomo, bila sauti.
Mwaka jana nyumbu wa Ratansing alipiga chafya hapa.
Hatukumsikia alipofika chini.
Tulisikia masufuria.

Huko juu hewa ni nyepesi kama uji uliotiwa maji
mgeni wa tano alipobisha hodi.
Natafuna kitunguu saumu mpaka machozi.

Mtaka cha mvunguni huinama.
Sisi tunalala kifudifudi,
watu mia mbili kwenye nyasi zilizobabuliwa na barafu,
kidevu topeni,
kama kijiji kizima kimeangusha sindano moja.
Anayeimba hukemewa: mwenye mlima hapendi kelele.
Anayepiga chafya huomba radhi.

Macho yangu yameliwa na moshi na theluji.
Naona unyasi. Naona unyasi. Naona unyasi.
Jhuma anaona.
"Mama, yule pale."
Pale wapi? Kijiti cha kahawia, hakifiki hata kidole.
Anaanza kuchimba mbali, anakaribia polepole,
maana akikatika hana bei.
Huyu hapa: kiwavi mzima, vijiguu vyake vyote,
na utosini kijiti kimesimama wima.

"Ameota," nasema.
"Ameota nini?"

Nacheka, pumzi inanikatikia.
Mwalimu, aliyelala hatua mbili kutoka kwetu,
ananyanyua uso wa matope, anaeleza kama darasani:
kiwavi alikuwa chini ya ardhi, ukungu ukamwingia,
ukamla kutoka ndani, ukamwachia ngozi,
ukamsogeza juu, kichwa kikielekea mwangani,
theluji ilipoyeyuka ukampasua utosi.
"Kwa hiyo alijua?"
"Alijua nini?"
"Kwamba anayetembea si yeye."
Mwalimu anarudisha kidevu topeni.
Tangu alfajiri amepata mmoja. Jhuma saba.
Mchana namwona anamfuata mwanafunzi wake
kama kondoo afuatavyo chumvi.

Usiku tunaota moto wa samadi.
Kwa mswaki mkuukuu nawasugua udongo, mmoja mmoja,
mgongo, tumbo, chini ya kidevu,
kama watoto wanaopelekwa harusini.
Chhewang anakuja na taa kipajini na mizani mfukoni.
Yeye hasemi huyu. Anasema hiki.
Hiki chembamba. Hiki kimevunjika. Hiki sawa.
Kisha anafungua daftari: mchele wa mwezi wa pili,
viatu jozi mbili, dawa ya kifua ya marehemu,
ambaye kifua chake hakikuisubiri.
Anatoa, anajumlisha, anatoa tena.
Nilidhani kichwa kinauma kwa sababu ya kimo.
Sasa nakijua kinachochipua humo,
na miguu iliyonipandisha hapa ilikuwa ya nani.

Ananiachia noti tatu. Ada ya muhula mmoja,
wa shule iliyofungwa ili ada ipatikane.

Hemani Jhuma amelala na viatu vyake.
Napapasa utosi wake, kama siku ya arobaini,
nikitafuta palipo laini.
Pagumu. Pana tope kidogo.
Midomo yake inahesabu;
sijui ni hatua au ni viwavi.
Nasubiri afike mwisho.
Anaanza upya.