Bei ya Goti

Ilisimama yenyewe,
bila mtu ndani,
kwenye meza ya Nzigire nyuma ya soko la Virunga,
kama askari aliyesahauliwa zamuni.
Nikaigonga kwa ukucha. Ikajibu kama mlango.

"Hii haijaonja maji tangu ifumwe," akasema.
"Chukua inayokubana pumzi. Itakuzoea.
Ukichukua inayokutosha leo,
mwezi ujao utaifunga kwa kamba ya mbuzi."
Akataja bei. Nikataja yangu. Akacheka
mpaka akashika nguzo ya kibanda.
Tukakutana mahali fulani kati ya kicheko chake na njaa yangu:
franka za wiki mbili, na kabichi nne juu.

Wiki ya kwanza sikukaa. Niliegemea.
Mapaja yakawa buluu, shuka likawa buluu,
Kavugho akauliza ni mwanamke gani huyo
anayejipaka wino.
Nikamwambia: usiifue.
"Hadi lini?"
Hadi inijue.
Akasema hata maiti huoshwa.

Basi nikapanda nayo Kibumba na kushuka nayo,
magunia matano ya viazi juu ya chukudu ya mkaratusi,
goti la kushoto juu ya kipande cha sandali
nilichokipigilia misumari mwenyewe,
mguu wa kulia ukiisukuma barabara nyuma.
Vumbi la volkeno likaingia kwenye nyuzi,
na ukungu wa alfajiri, na jasho,
na ile mvua ya Kibati iliyonikuta sina turubai.
Usiku naitundika msumarini, nimeigeuza ndani nje, ipumue.
Harufu ikizidi, naianika ukutani penye jua,
naikung'uta, narudi ndani yake.

Sikuiona ikibadilika.
Mtu haoni mwanawe akirefuka; wageni ndio husema.

Bauma, muuza kadi za simu pale Birere,
kijana wa viatu vyeupe katika mji wa mawe meusi,
akachuchumaa mbele yangu
akalisoma goti langu kama tangazo la kazi.
La kushoto limepauka duara,
rangi ya maziwa yaliyoongezwa maji.
La kulia bado usiku.
Nyuma, penye mikunjo, sega la nyuki.
Mfukoni, umbo la spana namba kumi na saba,
hata meno yake yanaonekana.

"Hii imefanywa na mashine gani?
Niuzie. Nakupa mara mbili ya mpya."

Nikapiga hesabu. Si ya franka.
Nilihesabu magunia. Nilihesabu ile siku
raba ya breki ilipokatika mteremkoni
nikapita katikati ya mbuzi wa mahari ya watu,
nikiomba radhi kwa sauti kuu, bila kusimama.

"Unataka goti moja au yote mawili?"
Akadhani namtania.
"La kulia nakupa hata sasa.
La kushoto bado nalitumia."

Mwezi wa saba tangu ninunue, Kavugho akashinda.
Beseni, maji baridi ya ziwa, sabuni kidogo,
hakuna kusugua, hakuna javeli, aliapa.
Maji yakageuka wino.
Asifiwe akachovya soksi yake ya shule, moja,
akaitazama,
akaichovya na ya pili isije ikaona wivu.
Yaliyobaki tukayamwaga kwenye jiwe la mlangoni.
Jiwe lile lilitoka mlimani likiwa moto, halikubali rangi ya mtu.
Likanywa, likabaki jeusi.

Nikaitundika kwa kiuno, ikachuruzika usiku kucha.
Asubuhi ilikuwa ngumu tena, kama siku ya Nzigire,
ila mguu mmoja haukunyooka:
goti la kushoto lilikuwa limekunjwa,
hewani,
likiutafuta ubao.