Fundo la Uzi wa Buluu

Mwaka wa sita ulikuwa unakatika, Lushinge na Majura
hawajaambiana hata mwangaluka.
Mmoja alibeba barafu kuishusha Mwaloni,
mwingine alibeba dagaa kuwapandisha Shinyanga,
na kila mmoja aliapa kwa pikapu yake
kama mtu anavyoapa kwa kaburi la mama.

Ya Lushinge pua pana, nembo kama pembe za ng'ombe.
Ya Majura macho membamba, nembo kama jani.
"Hilo lako debe," alisema mmoja pale mizani,
"chuma cha kukaangia vitumbua."
"Na lako linakunywa dizeli kama mgeni wa harusi."
Kirumba wakagawana pande,
hata mama lishe wakawa na benchi la pembe na benchi la jani.

Mimi nilisikia tu.
Gereji yangu iko Mabatini, chini ya mawe,
na fundi hana chama: ana spana, na deni la umeme.

Masika yale Lushinge akaja amevutwa kwa kamba,
krenki imekatika vipande viwili.
Juma halijaisha, Majura naye kaletwa juu ya lori:
kapinduka kona ya Usagara,
chesisi imejikunja kama ngozi mbichi juani,
dagaa wakanuka barabarani siku nne.
Yeye mzima, mkono tu umefungwa kitambaa.

Nikafungua boneti ya kwanza. Nikafungua ya pili.
Nkwabi, kijana wangu, akaleta tochi.
Tukatazama. Tukanyamaza.

Bloki ileile.
Namba ileile imegongwa ubavuni, tarakimu kwa tarakimu.
Hata kosa ni lilelile:
bolti moja ya sampu imejificha nyuma ya bomba
pasipofika spana wala dua,
na hapo nimechubuka vidole miaka kumi,
leo kwa ajili ya pembe, kesho kwa ajili ya jani,
nisijue anayenichubua ni mmoja.

Basi huko mbali, ambako mafundi huvaa glavu nyeupe,
wenye pembe na wenye jani walikaa meza moja,
wakasema: kuisuka injini ni ghali, tuisuke moja,
pua tubandike mbalimbali,
kisha tukatukanane kwenye mabango.
Hawakutukosea kitu.
Ila wangetuambia.

Nikawaita wote wawili. Walisimama
kila mmoja upande wake wa shimo.
Nikamulika namba, nikaisoma kwa sauti
kama mwalimu anayeita mahudhurio.
Majura alicheka kwanza, kicheko kifupi kilichomuumiza mkono.
Lushinge alivua kofia, akaivaa, akaivua.
"Miaka sita," akasema,
na hakuna aliyemuuliza miaka sita ya nini.

Bei walipatana wenyewe. Sikusikia, nilikuwa nafunga winchi.
Injini ilihama usiku wa Alhamisi, ikining'inia kwenye nyororo,
ikatoka penye jani ikaingia penye pembe,
na kila tundu likamkuta bolti wake,
isipokuwa yule wa nyuma ya bomba, aliyedai damu yake kama kawaida.

Kuna kitu kimoja nilikiacha.
Kijiti cha kupimia oili cha Majura kilikatika kishikio zamani,
akafunga uzi wa nyavu, wa buluu,
kwa fundo la kwao Ukerewe ambalo likilowa ndiyo linakaza.
Nilimwuliza Lushinge: nikate?
Alitazama mikono yake.
"Hilo si la kwangu," akasema.

Sasa kila alfajiri, kabla ya barafu,
anafungua boneti yenye pembe,
anapitisha vidole viwili kwenye fundo la mtu mwingine,
anavuta,
anafuta kwa kitambaa,
anarudisha, anavuta tena, anasoma.

Dagaa wa Majura siku hizi wanapanda kwa lori la watu.
Juzi niliona pikapu ya barafu imesimama Mwaloni,
boneti wazi, na wanaume wawili wameinama ndani,
na mwenye mkono wa kitambaa ndiye aliyekuwa anavuta uzi.