Meno Tisa

Baba alikuwa karani wa mizani, Muhoroni.
Trela za miwa zilipanda, chuma kikanung'unika,
na kebo ya kijivu, nene kama kidole gumba,
yenye meno tisa na skrubu mbili za kukaza,
ikapeleka uzito kwenye kompyuta,
tarakimu baada ya tarakimu.
"Kebo haidanganyi," alisema akiipangusa vumbi.
"Anayedanganya ni anayeandika risiti."

Mimi niko Kondele, ghorofani, juu ya kinu cha unga,
na laptopu nyembamba kama sahani ya bati.
Nimebadilisha kitu kidogo ndani ya kiini chake.
Nikaiwasha: feni ikavuta pumzi,
kioo kikabaki cheusi.
Hakuna kosa lililoandikwa. Hata mlio.
Imekufa kabla ya kupata uso.

Napapasa ubavu nikitafuta meno tisa.
Tundu la chaji. Tundu jingine kama hilo.
Waliouchonga waliulainisha ubavu huu
wakaondoa kinywa
wakauita urembo.

Basi skrubu kumi na moja;
ya kumi na mbili imelika kichwa, naing'oa kwa koleo.
Chini ya betri, vidoa vitatu vya shaba
vidogo kuliko punje ya wimbi, havina jina.
Mita inasema: hiki ni ardhi.
Hiki kimelala.
Na hiki, nikibonyeza swichi, kinatetemeka,
volti moja na nukta nane,
kama koo la mtu aliye karibu kusema.

Nyaya mbili. Lehemu. Nazuia pumzi.
Kinu kinaanza chini, meza inacheza,
nachoma doa la jirani.
Nangoja Mama Achola amalize gunia lake.
Amekuja na mawili.

Waya wa tatu, wa kujibu, nimeuacha.
Sina la kuiambia.

Kwanza yanakuja makapi:
nusu herufi, visanduku, alama za kuuliza.
Nimekosea mwendo. Na hii nayo ina mizani yake,
ukiipunja, kila neno ni kelele.
Elfu tisa na mia sita, ya baba: makapi.
Laki moja, elfu kumi na tano, mia mbili:

na inasema.

Inahesabu kumbukumbu. Inataja saa.
Imeona kibodi, imeona feni,
imeijulia hali betri iliyong'olewa na kurudishwa.
Inaita kioo.
Inaita kioo
na sentensi inakatikia hapo, bila nukta,
ikiacha namba ya mstari: mia nne na kumi na mbili.
Mwandiko wangu. Alama ya kutoa, palipotakiwa kujumlisha.

Nampigia baba. Ana miaka sita tangu astaafu,
bado anapokea simu vilevile:
"Mizani."
Namwambia nimeipata.
Haulizi nini.
"Imesema yenyewe, Amondi, au umekisia?"

Chini, kinu kimezimwa. Unga umetua juu ya kila kitu,
hata kwenye nyaya.

"Yenyewe," namwambia.