Umri wa Mfarishi

Ami Rizigala anasema elfu moja mia tisa na kumi na moja,
na ukimbishia anaita mashahidi, wote marehemu.
Mimi ni fundi cherehani. Naomba dirisha lifunguliwe,
naomba kioo cha kukuzia, naomba nisitiwe maneno.

Nautandika mezani. Dhiraa mbili kasoro shubiri.
Unanuka karafuu, na moshi, na kitu kama maziwa
ambacho huenda nakitunga tu.

Merikani, ndiyo, ya zamani: nyuzi nene, rangi ya meno ya mzee.
Kaniki imechujuka, ila ndani ya mshono
weusi wake bado umejificha, mbichi.
Kaki ya askari, tundu la kifungo limezibwa kwa mkono wenye subira,
mishono kumi na minne katika upana wa kidole gumba.
"Bibi Khemisa," Ami ananong'ona.
Sibishi.

Kisha kiraka cha samawati hafifu, karibu na kona.
Nachomoa uzi mmoja, nautia kiberiti.
Pamba ingekuwa majivu. Huu unajikunja,
unakuwa shanga nyeusi, unaniunguza kidole.
Tetroni, Ami. Mwaka wako haukuwa na tetroni.

Anakohoa. Anatazama nje, njia ya kambi ya jeshi.

Mraba mmoja umekoza kuliko kitambaa chenyewe:
hapo palikuwa na mfuko, na juu yake doa la wino.
Shati la shule. Mishono mirefu, inapanda na kushuka
kama iliyoshonwa juu ya lori linalokwenda.
Na lori lilikuwepo. Sabini na tisa, usiku,
Bombo hadi Arua hadi ng'ambo ya mpaka,
mimi wa miezi mitatu, ndani ya kitu hiki.
Kaka yangu Sebit alivaa saizi hiyo.
Mama alituambia shati lilipotea pamoja naye.

Nafungua mkasi.
Chini ya kiraka kuna kiraka kingine, nakisikia kwa kidole.
Naufunga.

Ami ameshachukua kalamu na kipande cha kadibodi,
anaandika 1911, tarakimu kubwa, za kupendeza.
Namwachia.
Chumbani Mastula anauliza kama tumemaliza:
mtoto ana siku saba leo, mvua imeanza,
na nepi zote ziko kambani.