Kabla ya Mazoezi ya Jumanne

Ukumbi wa zimamoto, Haapsalu, Januari.
Nimefika saa nzima kabla yao.
Nje bahari imeganda hata magari yanapita juu yake,
ndani jiko la kuni linakohoa,
na viti thelathini na kimoja vinanitazama
kama vinavyonitazama kila wiki,
ila leo hakuna wa kuvifunika.

Nilikuja kupanga nota.
Najikuta nakinyoosha kiti cha Helve,
safu ya pili, karibu na dirisha,
kiti kisicho na mtu tangu Juni.

Niseme nilichofanya, nisikizungushe.
Siku tatu kabla ya tamasha nilimwita kando,
penye makoti, nikamwambia kwa sauti laini,
laini kama kisu kilichofutwa vizuri:
"Helve, jukwaani fungua tu kinywa.
Usitoe kitu."
Miaka arobaini na miwili ya sauti ya pili.
Alivaa glavu, kidole kwa kidole.
"Sawa, mwalimu," akasema.
Na jukwaani alifungua kinywa.

Tulishika nafasi ya pili.
Cheti kile pale ukutani, kimepinda kwa unyevu.
Kila nikiinua mikono nakiona,
na kila nikikiona nasikia
pengo lenye upana wa mtu mmoja.

Mjini wanasema nina masikio makali.
Kweli. Nasikia nusu ya nusu ya sauti iliyoteleza,
nasikia besi anayepumua pasipo na pumzi.
Ila sikusikia Arvi alipoacha kucheka,
wala sikuuliza kwa nini Tuuli hutoka mbio
saa mbili na dakika tano, basi la mwisho,
koti halijafungwa,
huku mimi nasema "mara moja tena, ya mwisho,"
na ya mwisho inazaa nyingine.

Yapo na madogo, yaliyolala chini ya zulia:
nakala nilizotoa usiku kwa mashine ya shule,
utunzi wa kijana wa Tartu anayekula kwa kalamu yake;
solo niliyompa binti wa diwani
mwaka ule tulioomba paa jipya.
Binti aliimba vizuri.
(Nalisema hilo haraka mno.)

Nyani haoni kundule,
na mwongoza kwaya haoni mgongo wake;
hadhira ndiyo huutazama jioni nzima.
Kijiti changu kina uzito wa barua.
Hakitoi sauti, hakijawahi.
Miaka yote nimeshika kitu bubu
nikadhani sauti zile ni zangu.

Siapi. Viapo vya Januari
huyeyuka kabla ya barafu.
Ila Jumamosi nitakwenda Uuemõisa, kwa Helve.
Sijui kama atafungua mlango.
Sipeleki maua; napeleka nota za sauti ya pili,
na neno "ilibidi" nitaliacha kituoni.
Saa mbili kamili nitashusha mikono,
hata katikati ya mstari,
hata pale panaponoga.
Hasa pale.
Kijana wa Tartu nimeshamwandikia;
deni nalilipa mwenyewe, mfuko wa kwaya hauna kosa.
Na nikipoteza hesabu nitasema "nimekosea"
kwa sauti ile ile ninayosemea "mmekosea."
Kuhusu binti wa diwani bado sijui.
Paa halivuji.

Mlangoni mtu anakung'uta theluji viatuni.
Ni Arvi, mapema, shingo imezungushiwa skafu mara tatu.
"Tunaanza na upi leo?"
Uma wa sauti uko mkononi, goti liko tayari.
Naurudisha mfukoni.
"Keti kwanza," namwambia. "Habari za nyumbani?"

Anageuka kutazama nyuma yake,
kuona nimeongea na nani.