Nusu ya Jina

Imeganda.
Si kama samli asubuhi ya baridi,
maana samli ukiishika huyeyuka.
Hii imeganda kama mawe ya mji huu,
na Mwanza, Mungu anajua, haijapungukiwa mawe.
Leo yameongezeka manne, yamekaa juu ya meza
katika ofisi ya ushuru, Mwaloni Kirumba.

Nilikuwa nimefika hapa: NYANJ
Kishale kikasimama. Kaduara kakaanza kuzunguka
kama kuku aliyefungwa mguu.
Mwenye jina yupo mbele yangu, kiwiko kwenye kaunta,
ananukia dagaa na sabuni ya mche.
Namjua tangu akiuza kwa sado.
Najua mwanawe wa pili yuko chuoni Nyegezi.
Lakini mashine hainiulizi mimi.
Inauliza Dodoma: huyu ni nani?
Na Dodoma leo haipokei.

Lugwisha wa kompyuta anachomoa waya, anaupuliza,
anauchomeka. "Tatizo si hapa," anasema,
kama asemavyo kila Jumatatu,
"tatizo ni kule."
Kule.
Silabi mbili, na safari ya basi ya kutwa.

Nje fuso inaunguruma, gunia arobaini na moja,
utingo anapiga bodi kwa kofi.
Wingu la sami limepanda kutoka ziwani,
wameingia dirishani, wamejaa kwenye kioo,
wanatambaa juu ya jina lake lililokatika.
Hakuna kingine kinachosogea humu.

Nikamalizia jina gizani, herufi zisionekane.
Nikabonyeza. Nikabonyeza tena.
Nikabonyeza kama mtu agongaye mlango
wa nyumba ambayo wenyewe walishahama.

Saa tano kasorobo, bila hodi, mtandao ukarudi.
Kila bonyezo la hasira likaitikiwa:
printa ikakohoa, ikatema
ankara moja, mbili, nikaikimbilia swichi,
tano.
Zote halali. Kila moja na namba yake ya malipo.
Mzigo uleule, NYANJIGE MASALU yuleyule,
herufi zote zimetimia, mara tano.

Kufuta, anasema Lugwisha bila kuniangalia,
ni ombi la mtandaoni.
Siku kumi na nne za kazi.

Bi Nyanjige akazisoma zote, polepole,
kama anayetafuta tofauti baina ya mapacha.
Akakunja moja, akaifunga kwenye pindo la kanga.
Nne akanisogezea.
"Hizi," akasema, "walipishe hao sami.
Ndio niliowakuta kazini."