Maji ya Saa Tisa

Bomba limekohoa. Mama Ndahani kalisikia wa kwanza,
ananipiga kiwiko: "Amka, yametoka!"
Nkuhungu nzima giza, upepo unasukuma vumbi chini ya mlango.

Nimejifunga kanga yake, kikoi sikukiona.
Imeandikwa nini huko nyuma, sijui;
watoto wanasoma kwa tochi,
wanacheka mpaka Sechelela anakaa chini.

Ndoo, madumu, sufuria la ugali,
beseni lililotoboka tukaliziba kwa sabuni,
leo hata birika limepanga foleni.
Maji yanaanza mekundu, yanatema hewa,
halafu yanakuja. Yanakuja kweli!
Ndahani kaingiza kichwa,
na baridi hii ya Julai!
Mama yake anafoka,
kisha kata nzima ananimwagia mimi.

Saa kumi yamekatika.
Tumekaa kibarazani, miguu imelowa,
tunamenya karanga za jana.
Hakuna anayetaja kulala.

Asubuhi, nikifagia,
nimekuta chini ya kitanda cha Sechelela
kikombe kimoja, kimejaa pomoni,
kimefunikwa na daftari la hesabu.
Nimefagia kando yake.